Mbeya Haikupungua Watu: Nimeipa Flourish Kazi ya Kueleza Sensa

Tangu matokeo ya Sensa ya 2022 ya kila mkoa yatoke, kuna hoja moja haifi kwenye magrupu ya WhatsApp ya huku kwetu Nyanda za Juu Kusini: Mbeya imepoteza watu. Anayeileta haongopi kwenye tarakimu. Sensa ya 2012 iliipa Mbeya watu 2,707,410. Ya 2022 ikaipa 2,343,754. Toa, unapata pengo la watu 363,656, na hapo ndipo kila mtu anakuja na lake. Wamehamia Dodoma kufuata serikali. Wamekimbilia Dar. Mwingine anaapa kwamba vijana wote wamevuka Tunduma kwenda kutafuta maisha kusini. Kumbe jibu liko kwenye mipaka: mwaka 2016 mkoa wa Mbeya ulimegwa, ukazaliwa mkoa wa Songwe. Watu wa Vwawa, Tunduma, Ileje na Momba hawakwenda popote. Walilala Mbeya wakaamka Songwe, kitanda kilekile.

Mimi ndiye ninayetunza ukurasa wa mtandaoni wa redio moja ya jamii hapa Mbeya, na hoja hii ilinifikia kila mara ilipochacha, maana wasikilizaji wanataka redio iseme. Aya ya maelezo watu hawaisomi. Jedwali ndio kabisa, wanalipita kama tangazo la mnada. Nikaamua kuipa kazi Flourish, programu ya kutengeneza grafu zinazotembea na kuzipanga ziwe simulizi. Tangu hapo nimeitumia kwa bei za mazao, mvua na matokeo ya mitihani, lakini ili ujue inaweza nini na inashindwa wapi, kazi ya Songwe inatosha.

Flourish inafunguka ndani ya kivinjari, huna haja ya kusakinisha chochote wala kujua kuandika msimbo. Ilianzishwa London na kufunguliwa kwa watu wote mwaka 2018. Februari 2022 ikanunuliwa na Canva, ileile ambayo kila mtengeneza mabango wa Mwanjelwa anaijua. Unajiandikisha kwa barua pepe, unachagua kiolezo, yaani grafu iliyokwisha pangwa inayosubiri data yako, kwenye ghala kubwa la violezo, kisha unakuta kurasa mbili tu za kufanyia kazi: moja ya kuona grafu, nyingine ya data, yenye jedwali linalofanana na Excel. Upande wa kulia unaiambia safu ipi ni majina, ipi ni thamani, ipi ni kichujio. Vitufe na maelekezo yote ni ya Kiingereza. Lakini anachokisoma msomaji wako, yaani kichwa, maelezo, majina ya nguzo na chanzo, unakiandika mwenyewe kwa Kiswahili. Majina ya miezi nayaandika kama maneno ya kawaida, Januari hadi Desemba, ili programu isiyachukue kama tarehe na kuyapanga inavyojua yenyewe.

Sasa Songwe. Jedwali langu lilikuwa na mistari sita tu. Nilichagua kiolezo cha kawaida kabisa cha nguzo na mistari, kile ambacho mtu akikiona kwenye ghala anakiruka kwa sababu hakina mbwembwe. Mistari miwili ya kwanza ni tarakimu kama zinavyosambazwa kwenye magrupu: 2012 ni 2,707,410 na 2022 ni 2,343,754. Miwili inayofuata ni Mbeya ndani ya mipaka ya leo: 1,708,548 mwaka 2012, na 2,343,754 mwaka 2022. Miwili ya mwisho ni Mbeya na Songwe pamoja: 2,707,410, kisha 3,688,441. Safu ya ziada nikaipa kazi ya kichujio, ili msomaji aone jozi moja kwa wakati mmoja.

Hapo grafu iko tayari, lakini bado si simulizi. Simulizi inaanza ukibonyeza Create a story. Programu inakupa slaidi, na kila slaidi inakumbuka hali ya grafu ulivyoiacha: kichujio gani kimewashwa, kipi kimekuzwa, rangi gani. Ukitoka slaidi moja kwenda nyingine, grafu haifutwi ikachorwa upya. Nguzo zilezile zinasogea kutoka kimo cha zamani kwenda kimo kipya, mbele ya macho ya msomaji. Kwa hadithi ya Songwe hiki ndicho nilichokuwa nakihitaji. Slaidi ya kwanza inamwonyesha msomaji kile anachokiamini: nguzo ya 2022 ni fupi kuliko ya 2012. Juu yake nimeandika, “Ukitazama hivi, Mbeya imepungukiwa watu 363,656.” Anabonyeza. Nguzo ya 2012 inashuka taratibu, ya 2022 haitikisiki, na maneno yanabadilika: “Lakini mwaka 2012 ndani ya Mbeya walihesabiwa pia watu 998,862 wanaoishi eneo ambalo leo ni Songwe. Waweke pembeni, Mbeya imeongezeka watu 635,206.” Anabonyeza tena, nguzo zote mbili zinapanda, ya 2022 ikiiacha ya 2012 chini: “Warudishe pamoja kama zamani, utapata watu 3,688,441.”

Nilimpa dada wa mapokezi aijaribu kabla ya kuichapisha, kwa sababu simu yake ndogo ndiyo kipimo changu. Alipofika slaidi ya pili akaniuliza, “Dada, kwa hiyo aliyepungua ni wa zamani, si wa sasa?” Ndiyo, hasa. Alilielewa kwa kuiona ile nguzo ya 2012 ikishuka. Maelezo ya mdomo aliwahi kuyasikia studio zaidi ya mara moja na hayakumkaa.

Slaidi ya nne niliiongeza baadaye, ikilinganisha kasi. Nchi nzima ilitoka watu 44,928,923 mwaka 2012 ikafika 61,741,120 mwaka 2022, ongezeko la asilimia 37.4. Mbeya ndani ya mipaka ya leo imekua kwa asilimia 37.2, Songwe kwa 34.6. Yaani Mbeya inayodaiwa kukimbiwa imeongezeka karibu sawasawa na Tanzania yote. Mhariri wangu alitaka niianze hadithi na slaidi hii kwa kuwa ndiyo yenye habari. Nilikataa na bado nakataa. Msomaji aliyekuja na 363,656 kichwani hawezi kupokea asilimia kabla hajaonyeshwa hiyo 363,656 imetoka wapi.

Na hili ndilo sifa kubwa ninayoipa Flourish: kile kisanduku kidogo cha maneno juu ya slaidi. Maneno yakizidi, kwenye simu yanaibana grafu hadi haionekani, kwa hiyo unalazimika kuwa na sentensi moja au mbili kwa kila hatua. Nimeandika taarifa za habari miaka mingi na sijapata mhariri mkali kama hicho kisanduku.

Rangi, kabla sijasahau. Rangi za mwanzo zinazokuja na kiolezo hazina tatizo, lakini ukianza kuchagua zako angalia usiweke kijani na njano kwenye grafu ya mikoa. Msomaji wa Tanzania ataiona CCM kabla hajaona idadi ya watu, na maoni yote chini ya habari yatakuwa ya siasa. Mimi natumia zambarau na kijivu. Hazina chama.

Nikija kwenye kile kilichoipa Flourish jina, mbio za nguzo, nitakuwa mgumu kidogo. Mnazijua: nguzo zimelala, zinapishana juu na chini huku miaka ikikimbia pembeni, nchi fulani inaipita nyingine, watu wanashangilia. Mwaka 2019 mtandao ulijaa hizo. Kiolezo chake ni kizuri na kinatengenezeka haraka mno, na hapo ndipo pa kuogopa. Chukua mikoa ya Tanzania na sensa zetu za 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Ukiziweka kama safu sita, programu inajaza katikati yenyewe ili nguzo ziteleze bila kukatika. Msomaji anaona watu wakiongezeka kidogo kidogo kati ya 2002 na 2012, kumbe hakuna karani aliyepita nyumba kwa nyumba katika miaka hiyo ya katikati. Ni makisio ya mashine yaliyovaa nguo za sensa. Tena kila safu inapewa muda uleule, kwa hiyo miaka 14 ya kutoka 1988 hadi 2002 inapita kwa muda uleule na miaka 10 iliyoitangulia, na mwendo wenyewe unadanganya.

Halafu mikoa inazaliwa. Mwaka 2012 Geita, Simiyu, Katavi na Njombe zinaibuka kutoka kusikojulikana, huku Shinyanga ikiporomoka kana kwamba imepigwa na njaa. Ni hadithi ya Songwe ileile mara nne, na safari hii hakuna kisanduku cha maneno cha kumshika mtu mkono, kwa sababu kila kitu kinakimbia. Mbio hizi zitumie kwa vitu vinavyohesabiwa kila mwaka au kila mwezi na ambavyo mipaka yake haihami. Kwa sensa, ziache.

Watu wakitaja grafu zinazotembea, mara nyingi mfano unaokuja kichwani ni Hans Rosling, yule daktari wa Sweden na mapovu ya taasisi yake ya Gapminder (viduara kwenye grafu, kila kimoja nchi moja), aliyesimama jukwaani mwaka 2006 akionyesha nchi zikisogea kutoka umaskini na maisha mafupi kwenda afya. Flourish ina kiolezo kinachokuwezesha kutengeneza mapovu ya namna hiyo. Tatizo ni kwamba watu wanachukua mapovu wanamwacha Rosling. Mapovu yale yalieleweka kwa sababu alikuwepo mtu aliyeyasemea, akiyafuata kwa mikono, akiita nchi kwa majina, akipandisha sauti kama mtangazaji wa mpira. Na alijua anachokisemea: alikuwa daktari Nacala, Msumbiji, kuanzia 1979 hadi 1981, akachunguza konzo, ule ugonjwa wa kupooza miguu unaotokana na muhogo mchungu usioandaliwa vizuri. Ukimwekea msomaji mapovu bila sauti ya mtu, anatazama sekunde chache, anasema “mh, kali,” anaondoka bila kubeba kitu. Ndiyo maana nasisitiza slaidi zenye maneno kuliko grafu inayojichezea yenyewe.

Ramani. Flourish inachora ramani za kila aina, na ukiwa na faili yako ya mipaka unaipakia na kuitumia. Hapo uwe na jicho la mpimaji ardhi. Mtandaoni zimezagaa faili za mipaka ya Tanzania ambazo Songwe haimo, na nyingine bado hata Katavi hazijaisikia. Programu haina namna ya kujua kwamba umeipa nchi ya zamani na takwimu mpya. Hesabu mikoa kwanza: lazima ifike 31, yaani 26 ya Bara na 5 ya Zanzibar. Ikipungua, usiendelee hata kama ramani inapendeza.

Kwa ramani tulivu isiyohitaji slaidi, kusema kweli huwa siendi Flourish. Naenda Datawrapper, ya Wajerumani wa Berlin, iliyoanza 2012. Ni kavu zaidi, haina mbwembwe, lakini grafu moja iliyosimama inatoka safi, inasomeka kwenye simu ndogo, na inakuonya kama rangi ulizochagua mtu asiyetofautisha rangi vizuri hataziona. Inakupa hatua nne za kufuata kutoka data hadi kuchapisha, hivyo hata mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo anaimudu siku hiyohiyo. Kama habari yako ni sentensi moja, kwa mfano bei ya mahindi imepanda, Datawrapper inatosha na Flourish itakupotezea muda kwa kukutamanisha. Kama habari yako ina “lakini” katikati, kama hii ya Mbeya, Flourish haina mpinzani kwa mtu asiyejua kuandika msimbo.

Kuhusu akaunti ya bure. Inakupa karibu kila kitu nilichokitaja hapa, pamoja na slaidi. Chini ya grafu kunabaki jina la Flourish, jambo ambalo halinisumbui. Kubwa ni hili: ukichapisha kwa akaunti ya bure, kazi yako ni ya hadharani pamoja na data iliyo nyuma yake. Kwa sensa hakuna neno, ni takwimu za taifa na ni vizuri mtu azichukue akakague. Lakini nimeona watu wakipakia jedwali zima la dodoso, na majina na namba za simu za waliohojiwa, kwa sababu grafu inatumia safu mbili tu na wanadhani zilizobaki hazionekani. Msifanye hivyo. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na hata isingekuwepo, mama aliyekujibu maswali kuhusu kipato chake hakukupa ruhusa ya kumtangaza. Futa safu usizozihitaji kabla ya kupakia, si baada.

Akaunti za kulipia zinakupa faragha, kuondoa jina lao, na kuunganisha grafu na data inayojisasisha yenyewe. Zimelengwa kampuni na taasisi, na ukiiwazia bajeti ya redio ya jamii inayolipia umeme kwa matangazo ya salamu, utaelewa kwa nini bado niko upande wa bure.

Chanzo andika. Kuna sehemu yake chini ya grafu, na unaweza kuweka kiungo. Mimi naandika Ofisi ya Taifa ya Takwimu, NBS, na mwaka wa sensa, na pale nilipokokotoa mwenyewe, kama zile asilimia, nasema ni hesabu yangu kutokana na takwimu zao. Wenzangu wa habari wanakumbuka marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya 2018, yaliyofanya kutoa takwimu zinazopingana na za serikali kuwa kosa, kisha yakalegezwa 2019. Woga wa kipindi kile umewaacha waandishi wengi wakikwepa tarakimu kabisa. Grafu iliyotenganisha waziwazi namba ya NBS na hesabu ya mwandishi inakupa usingizi mzuri.

Udhaifu ninaouhisi zaidi ni wa mazingira yetu. Grafu ya Flourish inahitaji intaneti na inafanya kazi ndani ya simu ya msomaji, na msomaji wangu ana bando la kuhesabu na simu iliyojaa picha za harusi. Grafu moja kwenye ukurasa inabebeka. Ukipanga tano au sita mfululizo, unamtoza. Na nusu ya watu hawaji hata kwenye ukurasa, wanataka kitu cha kutuma WhatsApp. Unaweza kushusha picha ya grafu, lakini picha ni slaidi moja, na slaidi moja ya hadithi ya Mbeya ni hatari: mtu akituma ile ya kwanza peke yake, umemsaidia kueneza uvumi uliotaka kuuzima. Kwa hiyo slaidi ya kwanza nimeiandikia juu kabisa “1 kati ya 4”, na kwa WhatsApp tunarekodi skrini slaidi zote zikipita huku mtangazaji wa asubuhi akizisemea. Yeye hasomi 363,656, anasema “watu laki tatu na sitini na kitu,” na hapo ndipo wazee wanapoelewa. Video ile imesambaa kuliko ukurasa wenyewe.

Kwa mwandishi, mwalimu wa jiografia au ofisa mipango wa halmashauri ambaye kila mwaka analazimika kuwaeleza madiwani tarakimu, naipendekeza bila kusita, akaunti ya bure, kiolezo cha nguzo, slaidi nne au tano. Anza na tarakimu ambayo watu tayari wanabishania. Uwe na kompyuta, kwa sababu kutengeneza kwa simu ni mateso hata kama kusoma ni rahisi. Data ikija kwenye PDF, ihamishie kwanza kwenye jedwali la kawaida na ujumlishe tena kila mstari kabla ya kuipakia. Ukijumlisha 1,708,548 na 998,862 usipate 2,707,410, kuna tarakimu imeruka.